Chumba na Nyumba

Wafasiri wetu wakikutana na neno stanza huandika ubeti, wakapita. Si kosa. Lakini asili za maneno haya mawili zina ugomvi ndani yake, nao ugomvi huo umekwisha kuwaponza watunzi wasio na hatia.

Stanza kwa Kiitaliano ni chumba. Latokana na kitenzi cha Kilatini stare, kusimama: ni pahala mtu anapotua. Waingereza walilichukua katika karne ya 16, wakakiacha chumba, wakabaki na shairi tu. Kwa Wahispania estancia ni chumba na ubeti pia, na huko Argentina ni shamba kubwa la ng'ombe. Wafaransa na Wajerumani aghalabu husema strophe, neno la Kigiriki lenye maana ya kugeuka, kwani waimbaji wa tamthilia za kale waliimba wakienda upande mmoja, kisha wakageuka. Hapo hapana ukuta wala dari, pana miguu.

Sisi tuna nyumba. Bayt ya Waarabu ni nyumba, nao huuita hivyo mstari mmoja wenye nusu mbili. Kwetu nyumba hiyo iliongezwa mishororo, mara nyingi ikawa minne, ikapewa na sharti la utoshelevu: kila ubeti ujitosheleze kwa maana.

Sharti hilo wahakiki hulibeba hata ugenini. Mshairi wa Kizungu, au kijana wa hapa aliyemsoma, akivusha sentensi kutoka ubeti hadi ubeti, huambiwa hajui kutunga. Na tumsikilize Dante. Katika De vulgari eloquentia, aliyoiandika kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 14, aeleza kwamba stanza imeitwa hivyo kwa kuwa ndani yake hukaa sanaa yote ya wimbo: mgawanyo wa lahani, mpangilio wa sehemu, idadi ya mistari na ya mizani. Vina hakuvitia humo, maana mtunzi ana hiari ya kuvibadili kila ubeti; watunzi wetu wa ukaraguni watamwelewa. Ama maana, hiyo aliiweka katika wimbo mzima.

Basi chumba cha Dante kina mlango wa kuingilia cha pili, na mgeni haijui nyumba mpaka avipite vyote. Tarbia ikimwaga maana nje ya ubeti, nami nitailaumu. Lakini aliyejenga vyumba nitamsoma hadi cha mwisho kabla sijasema neno.