Jamani, Osaka! Likizo ya Japani Inayoanzia Mezani

Kama mmepanga kuwapeleka watoto Japani na mmejipangia Tokyo peke yake, hebu simamisheni mipango hiyo leo hii. Nendeni Osaka! Ndiyo kwanza tumerudi, mabegi hayajafunguliwa yote, na nyumba nzima bado inabishana chakula kipi kilikuwa namba moja. Tulikwenda vizazi vitatu: bibi, sisi wazazi, na watoto ambao nyumbani hata mchicha wanaukagua kabla ya kuutia mdomoni. Tulidhani tutawaburuta. Wapi! Wao ndio waliotuburuta sisi.

Siri ya mji huu ni kwamba haufichi jiko. Utamaduni haukuwekwa ndani ya kabati la kioo ukautazame kwa mbali. Unakaangwa mbele ya macho yako, na mara nyingi mtoto anakabidhiwa mwiko ageuze mwenyewe.

Anzieni Dotonbori, tena usiku. Mfereji wake ulikamilika mwaka 1615, lakini pale kandokando ni taa juu ya taa: mkimbiaji wa bango la kampuni ya peremende ya Glico, aliyesimamishwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1935, ameinua mikono juu ya maji, na mbele kidogo lidude la kaa linachezesha miguu juu ya mlango wa mgahawa. Watoto walishapiga mayowe kabla hatujanunua hata kitu kimoja.

Halafu takoyaki. Weee! Chuma chake ukikiona utaapa ni cha vitumbua: mashimo ya duara, safu kwa safu. Ndani unamiminwa uji wa ngano uliochanganywa na mayai na supu ya samaki, kisha kipande cha pweza, majani ya vitunguu na tangawizi nyekundu ya siki. Mpishi anamimina mpaka uji unafurika nje ya mashimo, unasema moyoni, huyu keshaharibu. Kumbe! Anashika vijiti vyenye ncha kali, anakatakata, anakunja kingo kwa ndani, anazungusha, na safu nzima inakuwa mipira kabla hujapepesa macho. Juu yake mchuzi mweusi mtamu, mayonezi, unga wa mwani, na vipande vyembamba vya samaki mkavu ambavyo mvuke unavifanya vijikunje na kucheza. Mdogo wetu aligoma kula mpaka vitulie. Alidhani viko hai.

Bibi, mtoto wa pwani, habaabaishwi na mbwembwe za pweza. Alitafuna taratibu, sisi sote tunamtazama. "Huyu kaiva," akasema. "Nipe kingine, mwanangu." Na pengine alikuwa anakula mwenzake wa bara moja, maana pweza wengi wanaoliwa Japani huagizwa kutoka Mauritania na Morocco. Onyo moja tu: msitie kinywani mzimamzima. Nje pamepoa, ndani ni moto wa kuunguza ulimi!

Kuna okonomiyaki pia: kabichi tele, unga na yai, imekaangwa kwenye bamba la chuma ambalo ndilo meza yenyewe. Katika migahawa mingi mnaletewa bakuli la mchanganyiko na miko bapa, mjipikie. Mkubwa wetu aliigeuza ya kwake kwa mkono mmoja, ikaanguka nusu kwa nusu, akapigiwa makofi na meza ya jirani. Akala yote, kabichi na kila kitu. Kabichi!

Sasa shikeni viti. Mwaka 1958, ndani ya mkoa huu mmoja wa Osaka, vilizaliwa vitu viwili ambavyo dunia nzima inavijua. Cha kwanza ni sushi ya mkanda. Yoshiaki Shiraishi aliona chupa zikipita kwenye mkanda wa kiwanda cha bia, akajiuliza kwa nini sahani zisipite vivyo hivyo, akafungua mgahawa wake Higashiosaka. Kwa familia ni nafuu kubwa: hakuna kusubiri, hakuna menyu ya kukutia jasho, mtoto anaokota anachokitaka, na bili ni idadi ya sahani. Migahawa ya Kura Sushi imezidisha utundu: ukitumbukiza sahani 5 tupu kwenye tundu la mezani, mchezo wa bahati nasibu unawaka kwenye skrini, na ukishinda inadondoka zawadi. Eti watoto wangu wanaomba samaki mwingine ili wafikishe 5!

Cha pili ni tambi za papo hapo, hizi ambazo mitaani kwetu kila pakiti ni indomie. Momofuku Ando alizihangaikia katika kibanda cha uani kwake mjini Ikeda, mpaka alipomwona mkewe akikaanga tempura, akapata wazo la kuzikaanga tambi ili zikauke. Leo pale Ikeda kuna makumbusho ambayo hayana kiingilio, na kwa yeni mia chache mtoto anatengeneza kikombe chake. Anakichora kwa kalamu za rangi, anazungusha mpini kikombe kipokee tambi, anachagua supu moja kati ya nne na vikolezo vinne kati ya kumi na viwili. Michanganyiko inayowezekana ni 5,460! Kisha kikombe kinafungwa ndani ya mfuko unaojazwa upepo, anaondoka nacho shingoni kama medali. Hatukuweza kumvua hata usiku.

Baada ya hapo ndipo tulipopanda treni kwenda Kyoto, kama nusu saa hivi, na hapo nikaelewa kwa nini tumbo litangulie. Fushimi Inari, penye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlimani, ni madhabahu ya mungu wa mpunga, na mbweha wa mawe waliokaa kila kona ni wajumbe wake. Jana yake watoto walikuwa wamekula wali uliotiwa ndani ya vifuko vya tofu ya kukaanga, chakula kinachosemekana kupendwa na mbweha hao. Basi hawakuona sanamu tu. Walikuwa na maswali. Nara nako, chini ya saa moja kutoka kituo cha Namba mjini Osaka, kulungu zaidi ya 1,000 wanatembea huru, na wengi ukiwainamia nao wanainamisha kichwa wapewe biskuti zao. Shikeni ramani vizuri, wanakula na karatasi!

Kasoro zipo, tusidanganyane. Nguruwe yumo katika supu nyingi za tambi, na vileo vya mirin au sake hupenya kwenye michuzi ambayo huitegemei, kwa hiyo familia ya Kiislamu iulize kabla ya kuagiza. Dawa yake iko Kobe, nusu saa kwa treni, kwenye msikiti uliojengwa mwaka 1935, wa kwanza Japani, uliosalia baada ya mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995. Jirani yake kuna maduka na vyakula vya halali. Bibi aliswali, akala, akatangaza kwamba Japani imekamilika. Mapipa ya taka barabarani ni adimu, bebeni mfuko. Julai na Agosti joto lina unyevu wa kuchosha. Novemba ni raha tupu.

Kwa mfuko wenu: ile tiketi ya treni ya siku 7, JR Pass, ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000, na mkiweka kambi Osaka hamuihitaji. Tiketi za kawaida zinatosha. Watoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, na walio chini ya hapo kwa kawaida hupanda bure. Bakshishi haitolewi, mkiiacha mezani mhudumu atawakimbilia awarudishie.

Uamuzi wangu? Alama zote, na ya nyongeza kwa yule mpishi wa takoyaki. Ila zingatieni mpangilio: Osaka kwanza, mahekalu baadaye. Mtoto aliyeshika mwiko wa okonomiyaki hafiki Kyoto kama mgeni wa kupiga picha na kuondoka. Anafika akiwa ameshakaribishwa.