Fundi Mmoja, Injini Moja

Affalterbach ni mji mdogo karibu na Stuttgart, Ujerumani. Humo, katika karakana ya Mercedes-AMG, fundi huanza na bloki tupu juu ya kitoroli. Hulaza krenki, huingiza pistoni na konrodi zake, hufunga silinda hedi na kamshafti, akikisukuma kitoroli chake kutoka kituo hadi kituo. Katika viwanda vingi injini ndiyo hupita mbele ya watu, kila mmoja akakaza nati zake mbili tatu na kuiacha iende. Hapa mtu huandamana nayo mpaka mwisho. Spana yake hupima nguvu ya kila mkazo na kuihifadhi kwenye kompyuta. Kazi ikiisha, hubandika juu ya injini kibati chenye sahihi yake. Nauheshimu sana utaratibu huu, kwa sababu anayetia sahihi hana mwenzake wa kumsukumia lawama.

Mazoea hayo yana asili yake. Hans Werner Aufrecht na Erhard Melcher walikuwa wahandisi wa Daimler-Benz, kampuni iliyotengeneza Mercedes, walioshughulikia injini ya mbio ya gari la 300 SE. Kampuni ilipoachana na mbio, wao hawakuachana na injini. Waliendelea kuichokonoa nyumbani kwa Aufrecht, kijijini Großaspach, baada ya saa za kazi. Mwaka 1967 wakafungua karakana yao, na jina likatokana na Aufrecht, Melcher na Großaspach. Mwaka 1971 walipeleka 300 SEL kwenye mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji: gari zito la kifahari, la milango minne, ambalo injini yake ya lita 6.3 walikuwa wameitanua hadi 6.8, wakabadilisha kamshafti na kupunguza uzito wa pistoni na konrodi. Lilimaliza la pili kwa jumla na la kwanza katika daraja lake. Katikati ya magari mepesi ya mbio, jambo hilo lilistaajabisha.

Daimler ilianza kushirikiana nao rasmi mwaka 1990, na kufikia 2005 ilikuwa inaimiliki AMG yote. Tangu hapo jina limesambaa. Kuna magari yanayovaa bampa na rimu za AMG huku yakiwa na injini ya kawaida; kuna yenye namba 53, ambayo ni AMG kamili lakini injini zake hazifuati kanuni ya fundi mmoja. Hata namba 63 inataka uangalifu. Ilirudishwa kuienzi ile 6.3 ya zamani, ikabandikwa kwenye injini ya lita 6.2, ikabaki ilipokuja ya lita 4, na mwaka 2022 ikawekwa kwenye C 63 ya lita 2 inayosaidiwa na mota ya umeme. Biashara ina haki ya kuuza jina, ila mimi namba ya nyuma ya gari hainishawishi kitu.

Kinachonishawishi ni injini ya A 45 S iliyotoka mwaka 2019. Ina silinda nne tu na lita 2, lakini inatoa nguvu za farasi 421, zaidi ya 210 kwa kila lita. Nayo huungwa na fundi mmoja, kwa mikono, kama injini za V8 za AMG.