Baba Wawili wa Mwigizaji Mmoja

Katika televisheni ya Marekani yuko mwigizaji jina lake Bryan Cranston, ambaye amecheza baba wawili wasiofanana. Wa kwanza ni Hal, wa mchezo wa kuchekesha uitwao Malcolm in the Middle, ulioonyeshwa tangu mwaka 2000 hata 2006. Wa pili ni Walter White wa Breaking Bad, mchezo wa majonzi wenye vipande 62, ulioanza mwaka 2008 ukaisha 2013. Nimeitazama yote miwili, nami napenda kunena nionavyo juu ya baba hao, maana mmoja wao ni mwalimu kama mimi.

Hal ni mtu wa kuchekwa. Humwogopa mkewe Lois, hushikwa na mambo ya kitoto, na nyumba yake haina fedha wala utulivu. Lakini ampenda mkewe waziwazi, wala haoni haya wanawe wamwone ameshindwa. Leo huanguka, kesho huamka yeye yule. Ndiyo desturi ya mchezo wa kuchekesha: mtu hajifunzi, wala haharibiki.

Walter ni mwalimu wa kemia mjini Albuquerque. Mshahara haumtoshi, hata huosha magari ya watu baada ya masomo. Akiwa na miaka 50 aambiwa kwamba ana saratani ya mapafu. Ndipo aanzapo kupika dawa za kulevya, akisema awawekea mkewe na watoto akiba. Nakiri kwamba nalimhurumia kupita kiasi. Kila mpelelezi Hank, mume wa shemeji yake, alipokaribia kumgundua, moyo wangu ulidunda kwa ajili ya mhalifu, si kwa ajili ya mpelelezi. Nikaona haya.

Watazamaji hubishana sana: je, Walter aliharibika lini? Wengine wasema ni usiku ule alipomwona msichana Jane akisongwa na matapishi yake, akasimama asimsaidie. Wengine wasema ni ugonjwa na umaskini. Mimi nadhani ni mapema zaidi. Walter alikuwa amekwisha kuonja uovu, lakini mlango wa kurudi ulifunguliwa: Elliott, rafiki yake wa zamani aliyetajirika, alimpa kazi, tena alikuwa tayari kulipa gharama za matibabu. Walter akakataa. Basi umaskini ulikuwa umepata dawa, bali kiburi hakikupata. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hakutaka kuinama. Tangu hapo neno “jamaa yangu” likawa nguo ya kukifunika kiburi kile. Na katika kipande cha mwisho akiri mwenyewe mbele ya mkewe ya kuwa alifanya yote kwa ajili ya nafsi yake, kwa sababu aliyapenda.

Kosa moja naliona katika mchezo huu: mwisho wake wampa Walter ushindi mwingi mno. Fedha zapata njia ya kuwafikia watoto, na adui zake wafa. Mtazamaji aliyemtetea tangu mwanzo aweza kuondoka akijiona ametetea haki.

Watengenezaji walipiga pia kipande kidogo cha mzaha, ambamo Hal aamka kitandani kando ya Lois, kana kwamba habari zote za Walter zilikuwa ndoto. Nalicheka, kisha nikafikiri. Sura ni ile ile. Lililowatenga ni jambo moja tu, kwamba Hal aweza kustahimili kuonekana dhaifu, na Walter hawezi.

Mwaka mmoja, mke wangu alipougua, ndugu yangu aliniletea fedha, nami nikazirudisha, nikiita jambo lile heshima. Mke wangu ndiye aliyelipa gharama ya heshima ile, kwa siku nyingi za maumivu. Nilipokwisha kutazama mchezo huu nalimwandikia ndugu yangu barua ya kumtaka radhi.