Msitu Wenye Mabomba: Jinsi Kambi ya Fort Wilderness Ilivyojengwa

Dereva anayeingia Fort Wilderness, kule Florida, akivuta tela la kulala la mita kumi nyuma ya pikapu, hukabidhiwa namba ya kiwanja na kuelekezwa njia. Akishafika, akarudisha tela kinyumenyume, akachomeka umeme, maji na mpira wa majitaka, kazi ya pikapu ndani ya kambi imekwisha. Ataiwasha akiwa na shida nje ya lango. Kwenda ufukweni, dukani au kwenye moto wa jioni, hapana: atapanda basi la kambi, kigari cha gofu au baiskeli, au atatembea. Injini ikishaleta mzigo, inazimwa. Kwa maoni yangu amri hiyo ndiyo iliyoijenga kambi hii, na karibu kila uamuzi wa kihandisi mle ndani umetokana nayo.

Fort Wilderness ni sehemu ya Walt Disney World. Ilifunguliwa tarehe 19 Novemba 1971, wiki saba tu baada ya bustani ya burudani ya Magic Kingdom kufungua milango yake tarehe 1 Oktoba. Inakalia eka zipatazo 750, yaani hekta 300 hivi, kando ya ziwa la Bay Lake. Ina viwanja karibu 800 vya mahema, matela na magari-nyumba, yale mabasi yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Pana pia vibanda vya kupanga, ambavyo vya zamani viliondolewa na vipya kufunguliwa mwaka 2024. Wageni husifu misonobari, kulungu na harufu ya kuni. Sifa hizo ni za haki, lakini mimi nataka sifa nyingine ziende kwa mafundi waliofukia mabomba.

Tuanze na ardhi yenyewe. Eneo lile la Florida ya kati ni tambarare na sehemu kubwa ilikuwa kinamasi. Aliyesimamia kazi ya kulitiisha ni Jenerali William Potter, mhandisi wa jeshi aliyewahi kuwa gavana wa Eneo la Mfereji wa Panama kuanzia 1956 hadi 1960. Timu yake ilichimba makumi ya kilomita za mifereji, na badala ya kuinyoosha kwa rula, iliipindisha ili ionekane kama vijito vya asili. Penye makutano muhimu iliweka malango ya maji yanayojiendesha: maji yakipanda, boya linanyanyuka na lango linafunguka, yakishuka, linafunga. Hakuna umeme wala mlinzi. Jambo hilo lina thamani kubwa kwa mwenye kambi, kwa sababu dhoruba inayoleta mafuriko ndiyo hiyo hiyo inayokata umeme. Bay Lake nalo, ambalo ni ziwa la asili, lilikaushwa na kusafishwa, na chini ya tope ukapatikana mchanga mweupe uliotumika kutengeneza fukwe.

Kazi kama hii isingewezekana kama kila bomba lingekuwa na mwenyewe. Mwaka 1967 bunge la jimbo la Florida liliunda wilaya maalumu ya Reedy Creek, iliyopewa mamlaka juu ya barabara, mifereji, majitaka na vibali vya ujenzi katika eneo zima la Disney. Mamlaka hiyo ilibadilishwa jina na uongozi mwaka 2023, na siasa zake ni mada ya siku nyingine. Kihandisi, faida yake ilikuwa wazi: mchoraji wa barabara ya kambi na mchoraji wa bomba la majitaka walikuwa wakimhudumia bosi mmoja.

Sasa umbo la kambi. Barabara kuu hupita katikati, na kutoka humo huchipuka barabara ndogo za mzunguko zipatazo 28, zenye namba za mamia, kuanzia 100 hadi 2800. Kila mzunguko ni wa upande mmoja. Sababu ya kwanza ni upana: mwelekeo ukiwa mmoja, barabara inaweza kuwa nyembamba na miti ikabaki karibu. Sababu ya pili ni kona. Tela refu haligeuki papo kwa papo, kwa hiyo barabara isiyo na mzunguko ingemlazimu dereva kurudi nyuma mpaka mwanzo. Sababu ya tatu, ninayoipenda zaidi, ni kwamba mzunguko haumpeleki mtu popote. Anayepita mle ni mkazi au mgeni wake, basi, na mtoto mwenye baiskeli anaweza kuuzunguka siku nzima bila kukutana na lori la mizigo.

Viwanja vimekaa kwa mshazari ukingoni mwa mzunguko, na mshazari huo una hesabu. Marekani dereva hukaa kushoto. Akirudisha tela kuelekea kushoto kwake, anaiona pembe ya nyuma kwa jicho lake mwenyewe kupitia dirishani. Akirudisha kulia, anategemea kioo na msaidizi anayepunga mkono. Kiwanja kilichokatwa mshazari kufuata mwelekeo wa barabara hupunguza pembe ya kugeuza kutoka nyuzi 90 hadi kiasi ambacho hata mgeni wa kazi anaweza kukimudu. Viwanja vikubwa vina jukwaa la zege la futi 18 kwa 60, karibu mita 5.5 kwa 18, na upana huo si anasa: magari-nyumba ya leo yana vyumba vinavyosukumwa nje pande zote mbili baada ya kuegesha.

Jambo jingine halionekani mpaka uelezwe. Karibu magari-nyumba yote ya Marekani yana tundu la umeme, la maji na la majitaka ubavu wa kushoto. Maana yake ni kwamba soketi, koki na shimo la kupokelea vikae kushoto mwa kiwanja, kuelekea nyuma, na upande wa kulia, ulipo mlango, ubaki kwa meza, jiko la mkaa na viti. Kosea hapo na familia itakula chakula cha jioni juu ya mpira wa majitaka ya jirani. Uzuri wa kiwanja cha kambi uko katika pande hizi mbili kugeuziana mgongo: kulia kwangu ni sebule, kushoto kwangu ni mabomba, na kati ya mabomba yangu na sebule ya jirani kuna kichaka.

Umeme unahitaji maelezo marefu kidogo. Nyumba za Marekani hutumia volti 120, karibu nusu ya tulizozoea Tanzania na Kenya. Kwenye kiguzo cha kiwanja kuna soketi za aina mbili kubwa. Ile ya ampea 30 ina pini tatu na hutoa wati 3,600. Ile ya ampea 50 ina pini nne: laini mbili za volti 120, nyutro na ethi. Kila laini hubeba ampea 50, kwa hiyo jumla ni wati 12,000, zaidi ya mara tatu ya ile ya kwanza. Kiyoyozi kimoja cha juu ya paa hula wati 1,500 hivi. Mwenye ampea 30 anaendesha kiyoyozi kimoja vizuri, lakini akiongeza maikrowevu na hita ya maji kwa pamoja, breka inakata. Mwenye basi kubwa lenye viyoyozi viwili au vitatu hana budi kutafuta ampea 50.

Mhandisi wa kambi yoyote hawezi kununua transfoma ya kuhudumia kila kiwanja kana kwamba wote watawasha kila kitu dakika moja. Kanuni ya Taifa ya Umeme ya Marekani inamruhusu kupunguza hesabu kadiri viwanja vinavyoongezeka. Kiwanja kimoja huhesabiwa kwa asilimia 100. Vikifika 36 na kuendelea, kwa asilimia 41. Chukua mzunguko wa viwanja 40, kila kimoja wati 12,000. Jumla ni wati 480,000, lakini kanuni inaridhika na mfumo unaobeba 196,800. Hesabu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba huyu anapika, yule ameenda kuogelea, mwingine amelala.

Dhana hiyo siiamini sana kwa Florida. Saa tisa alasiri mwezi Agosti, joto na unyevu humfanya kila mtu afanye jambo moja, hata aliyetoka, maana huacha kiyoyozi kikimpoza mbwa. Mzigo ukizidi kwenye waya mrefu, volti hushuka. Mota ya kiyoyozi ikipata volti pungufu huvuta ampea zaidi, huchemka na hatimaye huungua, huku mwenye gari akidhani kiyoyozi chake ni kibovu. Ndiyo maana wasafiri wazoefu wa kambi za Marekani hutembea na kipima volti chenye kinga, kinachokata umeme ukishuka mno. Ushauri wangu kwa mjenzi wa kambi ya nchi ya joto ni kwamba asilimia 41 aione kama sakafu. Waya mnene unauma mara moja, siku ya kununua. Waya mwembamba utamlazimu kufukua barabara miaka ishirini baadaye, wakati mizizi ya miti imeshaushika.

Majitaka yana mantiki yake, na wageni wengi huielewa kinyume. Gari-nyumba lina tenki mbili za uchafu: moja ya maji ya sinki na bafu, nyingine ya choo. Mtu akishaunganishwa kwenye shimo la kambi hushawishika kuacha koki ya tenki la choo wazi ili kila kitu kijiendee chenyewe. Maji yataenda, vigumu vitabaki na kujijenga kama kichuguu ndani ya tenki. Inatakiwa koki ifungwe mpaka tenki lijae theluthi mbili au zaidi, ndipo ifunguliwe kwa mkupuo, na baada ya hapo lifunguliwe la maji ya sinki lisuuze mpira. Mpira wenyewe uwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Ndiyo sababu zege la kiwanja linapaswa kuwa juu ya mdomo wa shimo. Sentimita chache tu zikikosewa wakati wa kumwaga zege, kila mgeni atakayelala pale atakuwa akinyanyua mpira kwa mikono.

Nje ya kiwanja tatizo ni lile lile kwa ukubwa. Bomba la majitaka hutegemea mteremko, na ardhi tambarare haiutoi. Ukizidi kulizamisha, linafika kwenye maji ya chini ya ardhi kabla halijaenda mbali. Lazima basi kuwe na vituo vya pampu vya kuyapandisha tena. Mfumo wa Disney huyasafisha majitaka na kuyatumia kumwagilia bustani na viwanja vya gofu, kwa hiyo maji uliyooshea sahani yanaweza kurudi kama nyasi.

Nirudi kwenye injini iliyozimwa. Ukiwazuia watu magari yao, unawadai njia nyingine. Katika miaka ya 1970 kambi ilijaribu treni ndogo ya mvuke iliyozunguka pale ndani kwenye reli nyembamba. Ilipendwa sana, na kufikia 1980 ilikuwa imenyamaza. Reli ina gharama ya matunzo na kelele, lakini naona udhaifu wake mkubwa zaidi ulikuwa kwamba inasimama stesheni, ilhali mkazi yuko mita mia kadhaa kutoka hapo, na barafu mkononi na mtoto begani. Mabasi ya ndani yalikidhi haja hiyo vizuri zaidi, na boti zikabeba safari ya Magic Kingdom. Boti hizo hupita juu ya daraja la maji linalounganisha Bay Lake na ziwa la kuchimbwa la Seven Seas Lagoon, magari yakipita chini yake. Katika mfumo mzima hiyo ndiyo sehemu inayonipendeza kuliko zote, kwa kuwa safari yenyewe ni burudani na kelele ya barabara inabaki ng'ambo.

Kigari cha gofu ndicho kilichomaliza shida ya mita mia za mwisho. Kinakodishwa, hakina moshi wala kelele, na wageni wamekifanya desturi: wakati wa Halloween na Krismasi hukipamba kwa taa na kufanya gwaride. Lakini vigari vimezidi. Kilichotolewa mlangoni kimerudi dirishani, na saa za kwenda kwenye moto wa jioni barabara zilizokusudiwa kuwa za watoto hujaa foleni ya magurudumu madogo. Basi la kila dakika chache, pamoja na njia ya miguu na baiskeli isiyoguswa na vigari, vingerudisha nia ya awali.

Vigari hivyo huchajiwa usiku kwenye kiguzo kile kile cha kiwanja. Mzigo wao ni mdogo. Mkubwa unakuja na pikapu za umeme, ambazo tayari zinavuta matela Marekani. Soketi ya ampea 50 ya kambi ndiyo aina ile ile inayotumika kuchajia magari majumbani, na pikapu ikichomekwa humo inaweza kuvuta wati 9,600 kwa saa nyingi mfululizo, bila kupumzika kama kiyoyozi kinavyopumzika. Pikapu kumi za namna hiyo katika mzunguko mmoja zinaivuruga ile hesabu ya asilimia 41. Anayechora kambi mpya leo aweke soketi ya kuchajia peke yake, yenye laini yake kutoka kwenye transfoma, na kila anapofukia waya mmoja afukie na bomba tupu kando yake, ili waya wa pili uweze kupitishwa bila kuchimba mti wowote.