Njia Ndani ya Skrini

Urambazaji ni ile sehemu ya programu inayomwezesha mtumiaji kutoka hapa kwenda pale bila kumuuliza mtu. Katika kitabu, kazi hiyo hufanywa na karatasi yenyewe: msomaji huhisi kwa vidole kurasa zilizobaki, na akitaka kurudi nyuma hufunua tu. Programu ya media anuwai, yenye maandishi, picha, sauti na video kwa pamoja, haina unene wa kushikwa. Kinachoonekana ni skrini moja, na nyingine mia zimejificha nyuma yake. Ufundi wa mbunifu ni kuurudisha unene huo kwa njia nyingine.

Kwenye kila skrini mtumiaji ana maswali matatu: yuko wapi, anaweza kwenda wapi, na atarudije alikotoka. Wabunifu wengi humalizia nguvu zao kwenye swali la pili, wakapamba vitufe vya kuendelea mbele. Swali la tatu ndilo zito. Mtu aliye na hakika ya kurudi salama hujaribu kila mlango. Asiye nayo huishia ukurasa wa kwanza, akaamini kuwa programu ni ngumu au kwamba yeye ni mjinga.

Bill Atkinson wa kampuni ya Apple alilielewa hilo mapema. HyperCard, programu yake iliyotoka mwaka 1987 na kugawiwa bure pamoja na kompyuta za Macintosh, ilimwezesha hata mtu asiye mtaalamu kutengeneza kadi zenye maandishi, picha na sauti, kisha kuziunganisha kwa vitufe. Kadi zilikaa katika marundo, na kitufe kimoja kiliweza kumrusha mtu kutoka rundo hili hadi lile. Kupotea kulikuwa rahisi mno. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kadi ya nyumbani, iliyofikika kutoka popote. Ya pili ni amri iliyotandaza kwenye skrini moja picha ndogo za kadi zilizotembelewa karibuni, hadi 42, ili mtu aibofye ile anayoikumbuka kwa sura. Hii ya pili ndiyo ya kifundi zaidi, kwa kuwa watu husahau upesi jina la ukurasa lakini hukumbuka kwamba palikuwa na picha ya ndege upande wa kushoto. Historia za vivinjari vya leo, na safu zake ndefu za anwani, bado hazijafikia adabu hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka 1978, watafiti wa MIT walikuwa wameufanya mji mzima kuwa programu. Gari lenye kamera lilipita katika mitaa ya Aspen, Colorado, likipiga picha kila baada ya futi 10, na picha hizo zikahifadhiwa kwenye diski za leza. Mtazamaji aligusa skrini kuchagua kwenda mbele, kushoto au kulia. Aliweza pia kubadili majira, mtaa uleule akauona wakati wa theluji. Kwenye njia panda chaguzi za kukata kona zilikuwepo, katikati ya barabara hazikuwepo. Kuonyesha linalowezekana mahali hapo tu, na kuficha lisilowezekana, bado ni kanuni bora kuliko kujaza kila skrini vitufe vilevile, nusu yake vimezimwa.

Mwanamipango miji Kevin Lynch, katika kitabu chake cha mwaka 1960, alichunguza jinsi wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles walivyoishika miji yao akilini, akakuta mambo matano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Wabunifu wa skrini wamefaidi mno kutoka kwake. Rangi moja kwa sehemu nzima hufanya mtaa. Menyu kuu ni makutano. Picha moja yenye nguvu, isiyorudiwa kwingine, ni alama.

Menyu yenyewe ina hesabu yake. Mada 64 zinaweza kupangwa katika skrini sita zinazofuatana, kila moja ikiwa na chaguzi mbili, au katika skrini mbili zenye chaguzi nane nane. Mpango wa kwanza huonekana mwepesi kwa macho, lakini humlazimisha mtu kubahatisha mara sita. Ule wa pili hushinda karibu kila mara. Wapo wanaokataa menyu yenye zaidi ya vipengele saba kwa kumtaja mwanasaikolojia George Miller na makala yake ya 1956. Miller alikuwa akizungumzia kumbukumbu, na menyu iliyo mbele ya macho haihitaji kukumbukwa.

Ukubwa wa kitufe nao una sheria, iliyotolewa na Paul Fitts mwaka 1954: kadiri shabaha ilivyo ndogo na mbali, ndivyo mkono unavyochelewa kuifikia. Ndiyo sababu ukingo wa skrini ni mahali pa thamani, kwani kishale cha kipanya hugota pale na hakiwezi kupitiliza.

Linalopuuzwa zaidi ni kudumu kwa mpangilio. Wateja wa M-Pesa nchini Tanzania wanaopiga *150*00# hawasomi menyu kila siku. Vidole vyao vimekariri mfululizo wa tarakimu. Kuhamisha kipengele kimoja, hata kwa nia njema, ni kuwanyang'anya ujuzi walioupata kwa miezi.

Sauti na video zina ugumu wa namna yake, kwa sababu mahali ndani yake ni dakika. Mwaka 1989 kampuni ya Voyager ilitoa programu juu ya Simfonia ya Tisa ya Beethoven, iliyoandaliwa na Robert Winter: HyperCard iliongoza diski ya muziki, na maelezo kwenye skrini yakabadilika kadiri muziki ulivyosonga. Msikilizaji aliweza kwenda moja kwa moja kwenye kipande alichokitaka. Uungwana wa kazi hii ni mdogo mdogo lakini haukwepeki. Urefu wa video uonekane kabla haijaanza. Sauti isianze yenyewe, na inyamaze mtu anapoondoka. Akirudi, aikute pale alipoiacha.

Mchezo wa Myst, uliotolewa mwaka 1993 na ndugu Rand na Robyn Miller, huonekana kuzikana kanuni hizi, maana mchezaji hutupwa kisiwani bila maelekezo. Kumbe mwendo wenyewe ni mnyofu: kishale ni mkono, mtu akibofya pembeni hugeuka, akibofya katikati huenda mbele. Ulikuwapo pia mtindo wa kuruka hadi mahali palipokwisha kufikiwa, ukionyeshwa kwa alama ya radi. Kinachomtatiza mchezaji ni kisiwa, si mkono.

Majina ya vitufe na mpangilio wa mada havifai kuamuliwa na mbunifu peke yake. Njia ya kale na ya bei nafuu ni kuandika kila mada kwenye kipande cha karatasi, kisha kuwaomba watumiaji wavipange wanavyoona wao. Hapo pia hugundulika kwamba kitufe kilichochorwa kutoshea neno fupi la Kiingereza hakiwezi kubeba "Hifadhi mabadiliko". Kisha huja skrini za kuchora kwa mkono: mtumiaji anagusa kitufe cha karatasi, mbunifu anaweka karatasi inayofuata, mdomo kaufunga. Kila kidole kinaposita pana kasoro, na kuirekebisha wakati huo kunahitaji kifutio. Baada ya video kurekodiwa, kunahitaji kurudi studio.