Kivuli cha Lwanda Magere: Hadhira na Mwisho wa Shujaa

Ni desturi ya uhakiki wetu kumchunguza msanii na kazi yake, kisha kuiacha hadhira mlangoni. Tunauliza fanani amesema nini na amelisemaje. Ni nadra kuuliza kama waliomsikiliza waliridhika au walinuna. Makala haya mafupi yanakusudia kuyapima manung'uniko ya hadhira kuhusu mwisho wa mighani ya Lwanda Magere, na kuonyesha kwamba manung'uniko hayo ni uhakiki, wala si kelele za watu wasioijua fasihi.

Jambo lenyewe si geni. Arthur Conan Doyle alipomuua mpelelezi wake Sherlock Holmes mwaka 1893, wasomaji walimlaumu sana, na mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai. Msimu wa nane na wa mwisho wa tamthilia ya televisheni Game of Thrones ulipoonyeshwa mwaka 2019, watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu huo utungwe upya. Vijana tunaowafundisha hapa Maseno huzijadili tamthilia za mashujaa wenye nguvu za ajabu kwa ukali uleule: shujaa, wasema, amejengwa kwa misimu mingi na kubomolewa kwa vipindi viwili. Na mighani ya Lwanda Magere ikifundishwa darasani, lawama hizohizo hurudi, neno kwa neno.

Msuko wa mighani unajulikana. Lwanda Magere, Mjaluo wa Kano, alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki na mishale ya maadui, Walang'o, yaani Wanandi, iligonga na kuanguka. Waliposhindwa vitani Wanandi walitumia hila: walimpa binti yao awe mke wake. Siku moja shujaa aliugua, akamwagiza mke huyo amchanje chale ili apakwe dawa. Wembe ulikataa kupenya. Ndipo alipomwambia akichanje kivuli chake, na kivuli kikatoa damu. Mke alitoroka usiku akawapasha habari watu wake. Katika vita vilivyofuata kivuli kilichomwa mkuki, shujaa akafa, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika nchi ya Kano, na inasemekana kwamba wawindaji hunoa silaha zao juu yake ili wapate bahati.

Lawama ya kwanza ya hadhira ni kwamba mwisho huu haukutayarishwa. Tumesikia habari za mwili tangu mwanzo; kivuli kimetokea wapi? Lawama ya pili yahusu tabia ya mhusika: shujaa aliyewashinda maadui kwa miaka mingi anawezaje kuitoa siri yake kwa urahisi namna hiyo, tena kwa binti wa maadui, baada ya wazee kumwonya? Lawama ya tatu ni juu ya mke, nayo tutaiweka mwisho kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote.

Kwa maoni yetu, lawama mbili za kwanza zina haki ya kusikilizwa, lakini hazisimami. Kila shujaa asiyepenyeka ana mahali pake pa kupenyeka. Fumo Liongo alikuwa na kitovu, Samsoni alikuwa na nywele, na hata Superman wa Wamarekani ana madini ya kwao yanayomlegeza. Tofauti ni kwamba udhaifu wa Lwanda Magere haumo mwilini mwake. Kitovu chaweza kufunikwa kwa nguo; kivuli hakifunikiki. Kadiri jua linavyong'aa, na kadiri shujaa anavyosimama peupe mbele ya watu, ndivyo kivuli kinavyoonekana.

Zaidi ya hayo, tutazame ule wembe. Jiwe lililozuia mikuki ndilo linalozuia dawa. Anayesikiliza kwa makini ataona kwamba hapa ndipo mighani inapojitayarishia mwisho wake: kinga ya shujaa vitani ni kizuizi kwake kitandani. Asipotoa siri atakufa kwa ugonjwa. Akiitoa atakufa kwa mkuki. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba amefanya upumbavu. Mtu anayeugua humhitaji mtu mwingine, na anayemhitaji mwingine hana budi kumfunulia mahali panapouma. Fanani anayeupitia ugonjwa huu kwa sentensi mbili, akikimbilia vita, ndiye anayeifanya hadhira ilalamike. Kosa hapo ni la usimulizi; msuko hauna hatia.

Lawama ya tatu ni ya namna nyingine. Katika masimulizi mengi mke huyu hata jina hana. Anaingia, anachanja, anatoroka, na hatumwoni tena. Funzo linalotolewa huwa moja tu: usimwamini mwanamke, hasa mgeni. Lakini darasa letu halina Wajaluo peke yao. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa upande wa milima ya Nandi aliuliza: aliyewaokoa ndugu zake wasiendelee kuuawa, kwa nini aitwe msaliti? Darasa lilinyamaza. Swali hilo lilitufundisha zaidi ya mihadhara kadhaa, maana lilionyesha kwamba kinachoitwa usaliti bondeni chaweza kuwa ushujaa mlimani.

Tukilinganisha na habari za Liongo, pengo laonekana wazi. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mwana aliyemchoma babake kwa sindano ya shaba hafichwi baada ya tendo lake. Tunamwona akikosa raha ya malipo aliyoahidiwa, na kufa. Liongo naye amepiga magoti kisimani akiwa ameshika upinde, na mji mzima unashindwa kuteka maji kwa hofu. Msanii amewalipa wote: shujaa, msaliti na mji. Mke wa Lwanda Magere hakulipwa, kwa wema wala kwa ubaya. Alimpenda mumewe? Alilia aliposikia amekufa? Alipokewaje kwao? Hadhira inayodai majibu inadai haki ya mhusika, na katika hili tunakubaliana nayo kikamilifu.

Wala hili si suala la fani tu. Okoiti Omtatah aliitoa tamthilia yake, Lwanda Magere, mwaka 1991. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mapigano ya kikabila yalizuka katika shamba la Meteitei, Tinderet, katika mpaka uleule unaosimuliwa na mighani, na watu wakaanza kufukuzwa makwao kwa sababu ya majina yao. Hatusemi kwamba hadithi ilichoma nyumba. Twasema kwamba mtoto aliyefundishwa mwisho mmoja tu, wa mke mgeni aliyeficha wembe, amepewa sababu ya kumwogopa jirani kabla hajakutana naye.

Hapana budi basi tubadilishe utaratibu wetu. Mkusanyaji wa fasihi simulizi asizime kinasa sauti fanani anapomaliza. Anayosema msikilizaji baada ya hapo, iwe ni mguno, swali au pingamizi, ni sehemu ya matini. Tulipoziweka hadithi hizi vitabuni tuliandika maneno ya fanani tukaiondoa hadhira, na mwisho uliokuwa ukibishaniwa kila jioni ukawa amri. Mwalimu naye aweke usimulizi wa Kano na wa Nandi bega kwa bega, awaache wanafunzi wabishane.

Conan Doyle alishurutishwa na wasomaji wake amrudishe Sherlock Holmes. Sisi hatuombi Lwanda Magere afufuke. Twaomba tu kwamba yule aliyetoroka usiku ule afuatwe hadi kwao, aulizwe jina lake.