Kura Isiyopigwa

Kijana akitangaza nyumbani kwamba amechaguliwa kusoma sayansi ya siasa na uhusiano wa kimataifa, swali la kwanza ni lile lile: kwani unataka kugombea ubunge? Na mjomba mmoja hakosi kuongeza kwamba siasa inasomwa barazani, kwenye kahawa, bila ada. Mimi masomo haya nayatetea kwa moyo wote, na siyatetei kwa ajili ya ubalozi wala ajira wizarani. Barazani tunajua kulaumu na kusifu. Chuoni mtu anafundishwa ufundi mwingine kabisa: kukaa na azimio moja, la kurasa mbili tu, mpaka aweze kueleza nani alilitaka, nani alilipinga, nani alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na uzito gani.

Chukua ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa. Inasema kwamba ili Baraza la Usalama liamue jambo zito, zinahitajika kura tisa za ndiyo, zikiwamo kura za kuafiki za wajumbe wa kudumu. (Zilikuwa saba kabla Baraza halijapanuliwa mwaka 1965 kutoka wajumbe 11 hadi 15.) Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huisoma mara moja akaondoka na neno turufu: wakubwa watano, mmoja wao akikataa, mambo yameishia hapo. Mwalimu anayeijua kazi yake humrudisha kwenye maandishi. Je, mkubwa asiposema ndiyo wala hapana? Ukifuata maandishi yalivyo, azimio limekwama, maana kura yake ya kuafiki haipo. Ukifuata Baraza linavyoendesha shughuli zake tangu miaka yake ya mwanzo, azimio limepita.

Mtu anaweza kudhani huo ni ubishi wa wanasheria, mpaka afike Namibia. Mwaka 1966 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, iliitupa kesi ambayo Ethiopia na Liberia waliifungua dhidi ya utawala wa Afrika Kusini katika nchi hiyo. Majaji waligawanyika saba kwa saba, na rais wa mahakama akaamua kwa kura yake ya ziada. Afrika ilichukia, na ilikuwa na haki ya kuchukia. Oktoba mwaka ule ule Baraza Kuu likaifutia Afrika Kusini dhamana ya kuitawala Namibia. Mwaka 1970 Baraza la Usalama likatamka kwamba kuendelea kwake kukaa huko ni kinyume cha sheria, kisha kwa azimio namba 284 likairudia Mahakama na kuiomba ushauri kuhusu matokeo ya kisheria ya ukaaji huo. Kura za ndiyo 12. Ya hapana, hakuna. Watatu hawakupiga: Poland, Uingereza na Umoja wa Kisovieti.

Mawakili wa Afrika Kusini wakaishika ibara ya 27 kwa mikono miwili. Wajumbe wawili wa kudumu hawakuafiki, wakadai, kwa hiyo azimio ni batili na Mahakama haina la kujibu. Tarehe 21 Juni 1971 majaji wakawajibu kwamba mwenendo wa Baraza kwa miaka mingi, uliokubaliwa na wanachama kwa jumla, unaonyesha kuwa asiyepiga kura hajazuia. Kisha wakaendelea na lililowakutanisha: Afrika Kusini iondoke Namibia.

Sidai kwamba ibara ndiyo iliyoikomboa Namibia. Wapiganaji wa SWAPO, chama cha ukombozi cha Namibia, waliopita Dar es Salaam na kambi ya Kongwa walijua uhuru unatoka wapi, na bendera haikupandishwa mpaka tarehe 21 Machi 1990. Lakini miongoni mwa silaha za adui ilikuwamo hoja, na hoja ile ilihitaji watu wa kuijibu neno kwa neno.

Kuna zoezi la semina ambalo nalithamini kuliko mengine yote. Darasa linagawanywa, na baadhi ya wanafunzi wanapewa upande wa mawakili wale. Wanatakiwa wajenge hoja yao kwa nguvu yake yote, bila kuidhoofisha kwa makusudi ili ishindwe kirahisi. Binti ambaye babu yake alihifadhi wakimbizi wa kusini anasimama na kusema yale ambayo Pretoria ingesema, na anayasema vizuri. Ni jambo gumu, hata linauma. Lakini ndipo anapogundua kwamba hoja ya kaburu, kwa maandishi peke yake, ilikuwa na miguu, na kwamba ilishindwa kwa sababu watu walikuwa na kumbukumbu za vikao na walizisoma. Chuki yake kwa ubaguzi haipungui hata chembe. Inapata macho.

Kazi hiyo haijaisha. Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu lilipiga kura kuhusu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine: 141 ndiyo, 5 hapana, 35 hawakupiga. Kenya na Rwanda walisema ndiyo. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini walikuwa miongoni mwa wasiopiga. Siku chache kabla, balozi wa Kenya, Martin Kimani, alikuwa amelieleza Baraza la Usalama jinsi Afrika ilivyokubali kuishi na mipaka ya wakoloni ingawa haikuichora yenyewe. Msimamo huo uliwekwa Cairo mwaka 1964, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Tanzania ndiyo iliyolipendekeza azimio lake. Basi majirani hawa waliorithi azimio moja walitenganaje? Mwanafunzi akileta karatasi inayojibu kwa sentensi moja, kwamba tuliogopa, au kwamba Moscow ilitusaidia zamani, arudishiwe karatasi yake pamoja na orodha ya kura na hotuba za siku zile, na apewe wiki nyingine ya kuiandika upya.